Ninavyowachungulia washindani kabla sijapandisha bidhaa

Mkuu, umeuliza utajuaje bidhaa ipi inalipa. Umesema unafanya uwinga wa mtandaoni: unapandisha picha Instagram, mteja akithibitisha ndiyo unakwenda kuchukua mzigo Kariakoo. Na kwamba unakopi kurasa zenye laiki nyingi, ila kwako haziuzi.

Laiki achana nazo. Watu wanalaiki gauni la harusi na mchumba hawana. Mimi naangalia mshindani anaweka wapi hela yake, na kama bado anaendelea kuiweka.

Ingia facebook.com/ads/library, ndiyo maktaba ya matangazo yanayolipiwa Facebook na Instagram, ni bure. Chagua Tanzania, chagua matangazo yote. Wengi wakifika hapo wanaandika jina la bidhaa, wakati bidhaa yenyewe ndiyo wanaitafuta. Andika maneno ya wauzaji: "lipa ukipokea", "mikoani tunatuma", "ofa". Yatakuja matangazo ya kila aina, kuanzia mashine za kukatia mboga mpaka mikanda ya tumbo. Kila moja lina tarehe lilipoanza. La juzi halikwambii kitu, huenda jamaa anajaribu tu. Lililoanza miezi mitatu nyuma na bado linalipiwa, hapo kaa kitako, maana ni nadra mtu wa Dar kumlipa Meta (wenye Facebook na Instagram) kila siku kwa hasara. Ukiona imeandikwa kwamba matangazo kadhaa yanatumia picha na maandishi yaleyale, ujue ameshapata linalouza na sasa analisukuma. Kiasi anacholipa hutakiona. Na tangazo la biashara ya huku likizimwa linatoweka humo, kwa hiyo piga skrinishoti, rudi baada ya wiki mbili uone nani bado yupo.

Kisha nenda kwenye ukurasa wake usome komenti, hasa zile ambazo hazijajibiwa. "Mbeya mnatumaje?" "Saizi kubwa ipo?" "Niliagiza, waya ukaungua." Humo ndimo nafasi yako ilipo. Kama watu wa mikoani wanauliza na yeye yuko bize na wateja wa Sinza na Mbezi, wewe jipange na watu wa mizigo ya mabasi uchukue hao. Sifa zikiwa nyingi mno na zote zinafanana, zipite, wengine ni ndugu zake.

Sasa sehemu ambayo naona mawinga wengi wanairuka: bidhaa inaweza kumlipa yeye na isikulipe wewe. Chukua pasi ya mvuke ya mkononi. Tuseme anaiuza 35,000, na wewe bei ya jumla Kariakoo unapata 20,000. Unaona 15,000 imebaki, unafurahi. Haya, weka tangazo, tuseme kila oda inakugharimu 6,000. Oda kumi ni 60,000. Kwa mtindo wa lipa ukipokea, watatu kati ya hao kumi boda akifika simu haipokelewi, au "nipo msibani, njoo kesho". Tuseme wanaopokea wanamlipa boda wenyewe, ila hizo safari tatu za bure boda anataka 5,000 yake kila moja kutoka kwako, hiyo 15,000 imekwenda. Waliolipa ni saba, umepata 105,000. Toa 75,000 ya tangazo na boda, unabaki na 30,000 kwa oda zote kumi. Bando na muda wako bado hatujavigusa.

Mshindani huenda analeta katoni mwenyewe kutoka Guangzhou, China, kwa meli, pasi moja inamfikia kwa 12,000. Kwenye zile saba zilizolipwa anakuzidi 56,000. Tangazo lilelile, bei ileile, yeye ana 86,000. Siku akiamua kushusha bei mpaka 30,000 wewe unabaki na hasara, yeye bado anakula. Ndiyo maana bidhaa yoyote nikiipenda naipitisha picha yake kwenye Google Lens na kwenye utafutaji wa picha wa Alibaba (soko la mtandaoni la viwanda vya China), nione bei ya kiwandani. Naongeza nauli: meli wanapiga kwa CBM (mita za ujazo), ndege kwa kilo. Kikiwa kitu kidogo, chepesi, kinachoweza kuja kwa ndege kilo chache, tuko sawa na mwenye katoni, hapo naingia. Kikiwa kikubwa na chepesi kama stendi za nguo, meli inampendelea mwenye mzigo mwingi, namwachia.

Kwa wanaofanya dropishipingi (unauza bila kushika mzigo, msambazaji anamtumia mteja moja kwa moja) ya kuuzia Wamarekani kwa Shopify, jukwaa la kufungulia duka la mtandaoni: maduka mengi ya Shopify ukiongeza /collections/all?sort_by=best-selling kwenye anwani yanajipanga kuanzia kinachouzwa zaidi. Ila video za zamani zinazosema mzigo wa chini ya dola 800 unaingia Marekani bila ushuru zimepitwa. Kwa mizigo ya China msamaha huo uliondolewa Mei 2025, na kwa nchi nyingine zote Agosti 29 mwaka huohuo. Hesabu zao zilizojengwa juu ya hapo usizikopi.

Na jambo jingine, utakuta krimu za kung'arisha na dawa za kupunguza unene zimetangazwa miezi na miezi. Zinauza, ndiyo. Lakini vipodozi viko chini ya TBS (shirika la viwango) na dawa chini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na mzigo ukikamatwa mkononi mwa boda wako, mwenye namba ya WhatsApp ndiye anayetafutwa. Mimi sigusi.

Kuhusu zile programu za kulipia za kupeleleza maduka, usinunue kwanza. Nilizojaribu zimejaa maduka ya Marekani na Ulaya, muuzaji wa Sinza anayepokea oda WhatsApp hazimwoni. Hiyo hela agiza nayo kitu kimoja kwa mshindani wako, uone anavyofunga mzigo, boda anachukua muda gani, na ukimpigia kesho yake kulalamika kama anapokea.