Shawa mara moto mara baridi

Kaka, unasema uko Kireka, huko karibu na Kampala, na mtu akifungua bomba la jikoni wewe shawa inakuunguza halafu ghafla baridi. Usikimbilie kununua hita nyingine bana. Hizi shawa za umeme zina swichi ndani inayosukumwa na presha ya maji, presha ikishuka kidogo maji yanapita polepole kwenye koili ileile (waya unaopasha maji) ndo maana yanachoma, ikishuka sana swichi inazima koili unabaki unatetemeka na sabuni kichwani. Tangi likiwa mita moja tu juu ya shawa hiyo ni presha ya kama bar 0.1, kidogo sana, ya kugawana na jikoni itatoka wapi?

Kwanza zima meni swichi, sio ile ya bafuni tu, fungua uso wa shawa uloweke kwenye siki usiku kucha kisha sugua vitundu na mswaki wa zamani. Yangu ilijaa mchanga baada ya maji kukatika siku mbili. Ikigoma, fundi akuvutie paipu ya bafu peke yake toka kwenye tangi, au aliinue tangi. Na waya wa athi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, akague, hapo usibanie hela.