Jibu: Ki-67 kwenye majibu ya nyama ina maana uvimbe wa ubongo utarudi?

Pole sana, dada wa Kongwa. Umeuliza kama ile "Ki-67 asilimia 12" kwenye majibu ya kipimo cha nyama ya uvimbe wa mwanao inamaanisha uvimbe utarudi. Peke yake haisemi hivyo. Ki-67 ni protini ya seli zinazojigawa. Kwenye slaidi viini vya seli hizo hugeuka kahawia, na mtu anakaa na hadubini anavihesabu. Wawili wakihesabu slaidi ileile wanaweza kupishana, ndiyo maana mimi siipi uzito sana.

Angalia kwanza jina la uvimbe. Kama ni meduloblastoma (saratani ya nyuma ya ubongo), hugawanywa makundi kwa jeni zake, na kundi la WNT ndilo lenye nafuu, watoto wengi wanapona. Jeni ya MYC ikiwa na nakala nyingi mno kwenye kundi la 3, au TP53 ikiwa imeharibika kwenye kundi la SHH, hapo hatari inapanda. Kwa ependimoma, aina nyingine ya uvimbe, ikiwa nyuma ya ubongo wanatafuta nyongeza ya 1q, yaani mkono mrefu wa kromosomu namba 1, nayo hupandisha hatari. Pilositiki astrositoma, ule uvimbe unaokua polepole? Muulize daktari wa upasuaji kama aliutoa wote.

Halafu bloku ya nta, kile kijipande cha nyama ya uvimbe kilichohifadhiwa ndani ya nta, ifuatilie. Ya shemeji yangu tulizungushwa siku tatu, ikaja kuonekana kwenye boksi la viatu! Bila hiyo vipimo vya jeni ni vigumu kufanyika, hata ukipanda SGR hapa Dodoma kwenda Dar.

MRI za marudio usiziache. Mstari wa juu wa majibu umeandikwa uvimbe gani?