Fimbo nyeupe mkononi, na bado nasoma simu

Nilikuwa ndani ya basi, fimbo yangu nyeupe nimeikunja mapajani, nasoma ujumbe kwenye simu. Mama aliyekaa nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake: "Huyo anajifanya kipofu." Niliumia, na sikupata la kumjibu.

Jibu lenyewe ni hili. Nina retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa kawaida kuanzia pembeni kuja katikati. Naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Herufi za simu zinaenea kwenye tundu hilo. Benchi lililo usawa wa magoti halienei, wala mtoto anayenijia mbio kutoka kushoto. Seli zinazotusaidia kuona gizani ndizo zinazotangulia kufa, kwa hiyo mimi niliyesoma simu saa sita mchana ndiye huyo huyo nitakayejigonga mlangoni saa moja jioni. Sijifanyi.

Wapo waliopatwa na kinyume chake: katikati ya retina imekufa, pembeni pazima. Huyo anaweza kutembea bila fimbo, lakini uso wako haoni, anakupita bila salamu. Watu husema ana maringo. Shirika la Afya Duniani huhesabu upofu pale uoni wa jicho lililo afadhali unaposhuka chini ya 3/60, yaani kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60, yeye hakioni hata akisogea hadi mita 3. Kwa hiyo hata miongoni mwa wanaoitwa vipofu, wengi wanaona mwanga, kivuli, au vidole vya mkono.

Wengine huniuliza: "Si uvae miwani?" Miwani hupinda mwanga ili utue vizuri kwenye retina, retina ikishakufa, mwanga hauna pa kutua. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Presha ya macho si hivyo: mara nyingi huharibu mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Ndiyo maana nawasihi wenye ndugu waliougua presha hiyo wakapimwe mapema, hata kama wanaona vizuri.

Wapo wanaodhani asiyeona ana masikio makali kupita kawaida. Masikio yangu ni kama yako tu. Nimejizoeza kuyategea. Mvua kubwa ikipiga bati, napotea.

Juu ya msaada nina la kusema zaidi. Kijana mmoja alinikuta ukingoni mwa barabara, akaukamata mkono ulioshika fimbo na kunivuta. Alikuwa na nia njema kabisa. Lakini ncha ya fimbo ndiyo inayoniambia hapa lami imekwisha, hapa kuna mtaro. Alipoinyanyua hewani, nikawa sijui nakanyaga nini. Moyo ulinienda mbio hadi ng'ambo.

Anza kwa kuniuliza. Nikikubali, nipe kiwiko chako nikishike mwenyewe, nikufuate nusu hatua nyuma. Mwili wako utanieleza kona kabla ya mdomo. Kwenye ngazi simama kidogo, sema zinapanda au zinashuka. Jina lako litaje hata kama tunafahamiana, na swali linalonihusu niulize mimi, usimuulize niliyeongozana naye. Ukiondoka, niage. Nimewahi kuendelea kumsimulia mtu mambo mazito ya moyoni, kumbe kiti chake kilishabaki kitupu.