Kabla hujanunua ng'ombe, uliza kwao ni wapi

Juzi usiku nimeshazima taa, simu ikalia. Picha ya ng'ombe. Mweusi kwa mweupe, kiwele kimejaa mpaka mishipa imetokeza, kasimama kwenye majani mabichi, na nyuma yake migomba na ukungu. Chini kumeandikwa: "Shikamoo mama. Huyu ni Friesian safi, anatoa lita 22, bei milioni nne na nusu, usafiri juu yao. Mimi niko Goba, nina uwanja na hela ya kikoba imetoka wiki hii. Nimchukue?"

Marahaba mwanangu. Usiku ule nimelala saa tisa kwa sababu yako.

Wengi wakiiona picha ile wataona kiwele. Mimi niliona ukungu, maana na mimi niliwahi kutumiwa picha yenye ukungu nikaishia kutazama kiwele.

Ilikuwa mwisho wa 2016. Nilikuwa nimeachishwa kazi ya uhasibu niliyoifanya miaka kumi na nne, kiinua mgongo kiko benki, na kila mtu Dar es Salaam anajua la kufanya na hela ya mwenzake. Nikaamua kufuga ng'ombe wa maziwa hapa nyumbani Kibamba. Nilijenga banda kwa wiki mbili: mabati mapya, nikayashusha chini upepo usiyang'oe, ukuta wa tofali pande tatu ili wezi wasione ndani. Fundi akaniuliza, "Mama, hapa analala ng'ombe au tunaoka mikate?" Nikamwona hana adabu.

Nilimnunua kwa mtu wa kule kwenye miteremko ya mlima, kaskazini. Jina sitamtaja, yeye na Mungu wake. Shilingi milioni tatu na laki mbili, ana mimba ya miezi minne na bado anakamuliwa. Akaniapia kwamba amechanjwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Alishushwa kwenye fuso alfajiri ya Januari, majirani wametoka na khanga mabegani, watoto wanapiga kelele. Miguu yote minne myeupe kama kavaa soksi. Nikampa jina la Bibi Harusi. Siku ya kwanza nilikamua lita 17 na nikampigia simu kila mtu niliyefanya naye kazi. Kila mtu, hata niliokuwa siongei nao.

Wiki ya pili, lita tisa.

Mnaokaa Dar mnaijua Januari. Joto la mchana linapanda hadi nyuzi 32, usiku halishuki sana, na unyevu wa bahari unafanya jasho ligande mwilini badala ya kukauka. Saa nane mchana niliingia bandani nikamkuta Bibi Harusi amesimama, hataki kulala, shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi, mate yanashuka kama uzi mmoja mrefu mpaka sakafuni bila kukatika. Nikahesabu pumzi zake kwa saa ya simu: tisini kwa dakika moja. Nilimmwagia maji ndoo sita. Nikachomoa feni ya chumbani nikaifunga bandani kwa kamba. Baba watoto alilala na joto wiki nzima, hakusema neno, na hilo namshukuru mpaka leo.

Kumbe joto lilikuwa nusu ya tatizo. Kama siku ya ishirini aliacha kula. Tezi chini ya masikio zikavimba, ukishika unahisi kama limao chini ya ngozi. Homa. Bwana mifugo alipofika alipima, akakaa kimya, kisha akauliza, "Hereni yake iko wapi?" Hereni gani? Akanieleza kwamba ng'ombe aliyechanjwa ndigana kali huwekewa hereni sikioni siku ileile ya chanjo. Masikio ya Bibi Harusi yalikuwa matupu, laini, mazuri. Miezi yote ya kutazama picha, wiki tatu za kumkamua, na sikuwahi kutazama sikio.

Ndigana kali inaletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Ng'ombe wangu hakuwahi kuchunga, alilelewa bandani huko kwao, hakujua kupe ni nini. Kupe waliletwa na mimi mwenyewe, kwenye majani niliyokuwa nanunua kwa vijana wanaokata bondeni. Dawa ya ndigana ipo na inaponya, lakini inataka mgonjwa awahiwe. Sisi tulishapoteza siku tatu tukidhani ni joto. Alikufa Jumapili saa kumi na moja jioni, povu jeupe puani, na ndama wa miezi mitano tumboni.

Sijamaliza. Kabla shimo halijachimbwa, majirani walewale wa khanga mabegani walikuja na mabeseni na visu. Bwana mifugo aliwakatalia kwa sababu ya sindano alizopigwa, wakaondoka wananiangalia mimi kama mchoyo. Jioni shemeji yangu akasema mbele ya wageni, "Ng'ombe wa maskini hazai." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nakunja kamba ya feni.

Baada ya hapo nilianza kusoma, na nilisoma kwa hasira. Nilitaka kujua huyu mnyama ametoka wapi hata ashindwe kuishi wiki nne nyumbani kwangu. Nilichokuta kilinishangaza kuliko kifo chenyewe.

Ng'ombe tunaowafuga duniani wametokana na ng'ombe mwitu mkubwa wa kale anayeitwa aurochs. Huyo wa porini ameshakwisha kabisa, jike la mwisho lilikufa mwaka 1627 katika msitu wa Jaktorów, Polandi. Lakini watu walimfuga mara mbili, sehemu mbili tofauti. Mara ya kwanza ni zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, maeneo ya juu ya mito Frati na Tigri, kule Uturuki, Siria na Iraki za leo. Huko ndiko walikotoka ng'ombe wasio na nundu, wakaenda Ulaya, na baada ya maelfu ya miaka ya baridi, mvua na majani ya nchi tambarare ya Friesland, Uholanzi, akapatikana Friesian. Mara ya pili ni kama miaka 8,000 iliyopita, bonde la mto Indus, Pakistani ya leo, kwenye joto hasa. Huko ndiko alikotoka zebu, mwenye nundu, ngozi iliyolegea inayoning'inia shingoni, na vinyweleo vifupi. Ngozi ile siyo pambo. Ina nafasi kubwa ya kutolea joto na tezi nyingi za jasho.

Na hapa kwetu Afrika kuna umbea mtamu. Ng'ombe wa mwanzo kuingia barani walikuwa wasio na nundu. Zebu walikuja baadaye, wengine na biashara ya Bahari ya Hindi, na waliokuja kuacha mbegu zaidi ni madume. Ndiyo maana wataalamu wakipima vinasaba vya zebu wetu, upande wa mama wanakuta ukoo wa zamani usio na nundu. Nundu ni ya upande wa baba! Yule ng'ombe mfupi wa Singida au wa Ugogoni unayemdharau ukimwona kwenye lori la kwenda mnada wa Pugu ana historia ndefu kuliko familia zetu, na kupe anamjua tangu utotoni.

Kwa hiyo nilichonunua mimi ni mnyama wa Friesland, akalelewa mlimani, nikamleta pwani kwenye tanuru la mabati. Nani alaumiwe? Muuzaji alidanganya kuhusu chanjo, simsamehei. Lakini tanuru nilijenga mimi.

Nikakaa mwaka mzima sifugi. Sina la kusimulia hapo, nilikuwa nauza vitenge.

2018 nikaanza upya, safari hii kwa adabu. Nilikwenda mwenyewe mkoa wa Pwani, nikanunua mitamba wawili, yaani majike ambao hawajazaa bado, chotara, baba Friesian, mama Boran. Boran ni zebu wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, mnyama wa jua na ukame. Na mitamba wangu walizaliwa na kukulia joto hilihili. Nilivunja ukuta pande mbili, mabati nikayapandisha mpaka mrefu wa nyumba hafikii, juu nikaweka makuti. Kila wiki nanyunyiza dawa ya kupe. Majani yanaanikwa juani kwanza. Wa kwanza alipozaa alitoa lita 11. Shoga yangu mmoja akaniuliza, "Kumi na moja tu?" Kumi na moja za Januari, shoga. Na za Februari. Na za Machi.

Leo nina ng'ombe wanne wanaokamuliwa, lita 38 kwa siku, na wateja wa mtaa huu wanazimaliza kabla ya saa mbili asubuhi kwa shilingi 2,000 lita. Wawili wa mwisho niliwahimilisha kwa mbegu ya Jersey. Jersey ni kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa, na mwaka 1789 walipiga marufuku kuingiza ng'ombe wa nje, ndiyo maana ukoo wao ulikaa miaka mingi bila kuchanganyika. Mwili mdogo, anakula kidogo, anavumilia joto kuliko Friesian, na maziwa yake mazito, ukiyaacha usiku asubuhi unakuta malai ya kushika kwa kijiko. Wanaochemsha chai ya maziwa wananielewa.

Yule shemeji anachukua lita mbili kila asubuhi. Kwa mkopo.

Sasa ushauri, maana ndicho mlichokuja kutafuta. Wa kwanza: uliza kwao ni wapi. Siyo muuzaji anakaa wapi, ni mnyama. Babu yake alizoea nini, na yeye mwenyewe amekulia wapi. Wa pili ni huohuo, uliza kwao ni wapi, kwa kila mnyama na siyo ng'ombe tu. Mbuzi walifugwa kutokana na mbuzi mwitu wa milima ya mawe, watu wa milima ya Zagros, Irani, walikuwa nao miaka 10,000 iliyopita. Mnyama wa jiwe kavu. Wewe unamlaza kwenye tope la masika la Mbezi halafu unashangaa kwato zinaoza na minyoo haishi? Mjengee kichanja, sakafu ya mbao iliyoinuka, mavi yadondoke chini. Na umfungie majani juu, maana mbuzi ni wa kuchuma matawi kuliko kulamba chini.

Kuku mama yao ni kwale mkubwa wa misituni, kuku pori mwekundu wa kusini mashariki mwa Asia, ambaye usiku hupanda mtini. (Kwale nimesema mimi, wataalamu msinipigie simu.) Ndiyo sababu kuku wako wa kienyeji anaacha banda la laki tano anakwenda kulala kwenye mwembe. Muwekee fito za kupanda, atarudi. Na chanjo ya mdondo, matone ya jichoni, kila miezi mitatu, huyo wa kienyeji pia. Neno "kienyeji" halizuii mdondo.

Ukitaka kuona watu waliowahi kuuliza swali hili kabla yetu, tazama ng'ombe wa Mpwapwa. Watafiti wa kule Dodoma walianza kazi hiyo tangu miaka ya 1930: wakachukua Sahiwal na Red Sindhi wa upande wa Indus, wakachanganya na zebu wetu, Boran, na damu kidogo ya Ayrshire wa Scotland. Walitafuta ng'ombe wa maziwa na nyama atakayeishi kwenye ukame wa katikati ya nchi, hawakutafuta wa kupiga naye picha. Ajabu ni kwamba watu wengi hapa mjini hawajawahi hata kusikia jina lake, ila Friesian wanamjua mpaka watoto wa chekechea. Tunapenda cha mbali, jamani. Tunapenda cheupe kwa cheusi. Tunamtazama ng'ombe kama tunavyotazama gari, na hela za kikoba zina wenyewe kumi na tano wanaosubiri marejesho Jumamosi.

Hayo yote nilimwandikia yule binti wa Goba, kwa ufupi kidogo. Nikamwambia atafute chotara nusu kwa nusu aliyekulia Pwani au hapahapa Dar, lita kumi zinamtosha kuanzia. Na kama roho yake imeshamganda huyo wa kwenye ukungu, basi kabla hajatoa hata shilingi aombe picha ya masikio.

Akasoma. Kimya siku nzima, nikajua nimemkera.

Leo saa nne asubuhi imeingia picha. Sikio jeusi, limeshikwa na mkono wa mwanamume, katikati hereni ya njano. "Mama, anayo! Si ndiyo hii?"

Nimevaa miwani nikaivuta picha mpaka mwisho. Nimemjibu hiyo ni ya utambuzi wa mifugo ya Serikali, wanawekewa wote. Awaambie wageuze sikio la pili.