Muulize Mjomba: Mashine ya babu, shingo ya mjukuu

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nimerithi mashine ya kunyolea ya marehemu babu, ya chuma, nzito kuliko inavyoonekana. Ukizungusha kitasa cha chini ya mpini, kichwa kinafunguka milango miwili kama kabati. Imeandikwa Gillette, imetengenezwa Marekani, na kwa ndani kuna alama E 2. Kazi yangu inanilazimu kunyoa kila siku. Natumia zile za plastiki zenye nyembe tano, na shingo yangu haikosi vipele. Nataka kuhamia kwenye hii ya babu, ila mke wangu ananicheka, anasema mtoto akililia wembe mpe. Je, inafaa kwa kila siku au ni pambo tu?

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Mkeo ana methali nzuri, ila ameipeleka nyumba siyo. Wembe anaolilia mtoto uko wazi. Huo wako umevishwa. Ndilo wazo lililompa King Camp Gillette hataza yake mwaka 1904: wembe mwembamba unabanwa katikati ya chuma, ukingo tu ndio unachungulia nje.

Hiyo E 2 ni cheti cha kuzaliwa. Kuanzia mwaka 1951 kiwanda kilikuwa kinapiga herufi ya mwaka na namba ya robo mwaka. E ni 1959, na 2 ni kati ya Aprili na Juni. Babu yako hakuinunua kwa ajili ya pambo. Nyembe za leo zenye makali pande mbili zinaingia humo bila kulazimishwa.

Kabla haijagusa shavu lako, ioshe. Iloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha pitisha mswaki laini kwenye bawaba za milango. Usiichemshe. Mashine nyingi za aina hiyo ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli, na moto mkali haulipendi pako hilo. Ukiona umanjano mahali palipochakaa, ni shaba inachungulia, si kutu. Malizia kwa spiriti, halafu tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kitasa.

Hilo la kuloweka nalisisitiza kwa sababu mimi sikuloweka. Yangu ya kwanza mlango mmoja uligoma kufunga, nikaona umepinda, nikauendea na koleo. Kumbe ulikuwa mzima. Kilichouzuia ni sabuni ya miaka mingi iliyoganda kwenye bawaba ikawa ngumu kama chokaa. Sasa ndipo ukapinda kweli. Kuanzia siku hiyo ukingo wa kushoto ulichungulia zaidi ya wa kulia, na kila asubuhi nilijikata kwa upande uleule mmoja. Kwa hiyo, ukishaweka wembe na kufunga, itazame mashine yako kutokea juu: makali yachomoze sawa pande zote. Yakiwa kombo, fungua uuweke upya. Na wembe wenyewe ushike kwenye ncha zake fupi zisizo na makali.

Tuje kwenye kunyoa. Oga kwanza. Ndevu kavu ni ngumu kama waya, lakini zikikaa na maji ya vuguvugu dakika mbili tatu zinalainika. Wahenga waliposema ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji, hapa wafuate neno kwa neno. Paka povu, kisha laza bapa la kichwa cha mashine kwenye shavu, mpini ukiwa umetokeza nje kama tawi. Ushushe mpini taratibu huku unavuta kidogo kidogo. Kuna mahali utasikia makali yanaanza kula: krrr, kama panya kwenye karatasi. Hapo ndipo. Kwa vipimo ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi, ila sikio litakuelekeza vizuri kuliko hesabu. Mlio ukikoma, umepoteza pembe.

Kazi kubwa itakuwa kuusahau mkono wako wa zamani. Mashine ya plastiki ni nyepesi, umezoea kuikandamiza. Hii ukiikandamiza utalia. Ishike kwa vidole kama penseli, uzito wake uishushe wenyewe, mapigo mafupi ya sentimita 2 au 3, mkono mwingine ukivuta ngozi. Kwenye kidevu na chini ya taya, punguza hata hapo.

Nimefika kwenye shingo yako, ambayo nadhani ndiyo iliyokufanya uandike. Nywele za kujikunja zikikatwa chini ya usawa wa ngozi, zinapoota upya hujipinda na kuchoma ngozi kutokea ndani. Hicho ndicho kipele. Mashine ya nyembe nyingi huzidisha balaa: wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa nyuma unaukata ukiwa bado umevutwa, na kisiki kinarudi kujificha ndani. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, ukiuachia. Nasema ukiuachia kwa sababu wengi wetu tukishapata mashine nzuri tunaifukuzia ngozi ya mtoto mchanga, tunanyoa kwenda juu, mara mbili, mara tatu, na vipele vinarudi palepale.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kulowesha chochote, papasa shingo yako. Upande ambao vidole vinateleza ndiko nywele zinakoelekea. Usidhani zote zinashuka. Zangu upande wa kulia wa koo zinakwenda kombo kuelekea sikioni, na nilizinyoa kinyume miaka mingi bila kujua. Wiki mbili za mwanzo nyoa kuzifuata tu, mkupuo mmoja, basi. Ukipapasa utasikia masalia. Yaache. Hakuna bosi anayekupapasa shingo. Baadaye, ngozi ikitulia, ongeza mkupuo wa pili wa kukatiza, wala usinyoe kinyume kama ni kila siku. Vipele vikiwa na usaha, weka mashine chini umwone daktari wa ngozi kwanza.

Ukimaliza suuza kwa maji baridi. Palipotoka damu, gusisha jiwe la shabu lililoloweshwa. Litakuchoma kidogo na damu itakata. Wembe ubadilishe baada ya mara nne au tano, au mapema ukianza kuvuta nywele badala ya kukata. Na usimwazime mtu, hata ndugu wa tumbo moja: homa ya ini B haiangalii undugu.

SWALI: Mjomba, mimi tayari natumia mashine hizi. Nyembe zilizokwisha nizitupe wapi? Nina mtoto anayechokonoa kila pipa.

JIBU: Marekani zamani kabati za bafuni zilikuwa na mwanya mwembamba kwa nyuma. Unausukuma wembe, unadondokea ndani ya ukuta, umemalizana nao. Mafundi wanaobomoa nyumba hizo hadi leo wanakutana na malundo ya nyembe zenye kutu. Wewe usimwachie fundi. Chukua kopo la bati lisilofunguka kirahisi, litoboe mwanya juu wa kupitisha wembe tu, uliweke mahali mtoto asipofika. Wembe mmoja kwa wiki ni nyembe 52 kwa mwaka, na ni nyembamba mno. Kopo la kawaida litakuchukua miaka. Likijaa ziba mwanya kwa gundi ya karatasi mara mbili tatu, liandike kwa kalamu nene kwamba ndani mna nyembe, ndipo ulitoe.