Anko, video inatosha kumfanya mtu awe polisi?

SWALI: Anko shikamoo. Niko Ngamiani hapa Tanga, mdogo wangu wa kike kamaliza fomu foo, kaona kwenye simu video ya polisi wa New Zealand wanakimbiza mwizi huku wanaelezea kazi yao, toka siku hiyo wimbo ni upolisi tu. Mama kanuna. Tumwache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo naijua, ya 2017, askari wenyewe wa kweli ndo wanacheza na hata kamishna wao wa wakati ule Mike Bush yumo, halafu mwisho mwizi kumbe ni mbwa kakwapua mkoba! Serikali yao ilikuwa inataka kuongeza polisi 1,800, sasa bango la maandishi matupu kijana gani angelisoma? Mi naipenda sana kwa sababu wanawake wamo kibao na wanakimbia kama wenzao, binti akiona vile anajua na yeye nafasi anayo, natamani na sisi tutengeneze yetu.

Ila video haionyeshi zamu ya saa nane usiku, wala jua la mchana barabarani shati limeganda mgongoni, wala mafunzo ya Moshi kule CCP, chuo cha polisi. Kwa hiyo mtafutieni askari wa kike hapo mtaani akae naye jioni amweleze, na mama awepo asikie. Akitokea mtu anadai hela ya kumpenyeza, msimpe hata mia.