Mafundi Wanajibu: Boxer inanguruma ikiwa frii

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Boxer 150 ya bodaboda, niko Morogoro. Ikiwa frii (bila gia) inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini nikibana klachi inanyamaza. Jana nilipima oili ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, kijiti kikatoka kikavu. Fundi wa kijiweni anasema tushushe injini. Na je, oili ya giaboksi inawekwa wapi?

JIBU: Ndugu yetu, usikubali injini ishushwe leo. Anza na oili, maana kipimo chako cha jana hakihesabiki. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni hulala kushoto, na oili hukimbilia huko, ilhali kwenye injini nyingi za aina hii kijiti kiko kulia. Isimamishe kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Iwashe, iache ikiwa taratibu kwa dakika tatu, zima, subiri dakika mbili au tatu oili ishuke. Toa kijiti, kifute, kirudishe bila kukikaza, kisha kitoe usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ukikikaza kinazama zaidi na kukudanganya kwamba oili inatosha. Kikazwe tu iwapo kitabu cha pikipiki yako kinasema hivyo.

Giaboksi yako haina oili yake. Oili ile ile unayomwaga kwenye injini ndiyo inayolainisha gia na klachi, takribani lita 1 kwa pikipiki za ukubwa huu. Ndiyo maana tunawasihi wanaoweka gia oili namba 90 ili kuzima mlio: waache. Kwanza, 90 si nzito kuliko 50 kama watu wanavyodhani. Ni vipimo viwili tofauti, na 90 ya gia hukaribia 40 au 50 ya injini. Pili, dawa zilizomo hufanya klachi iteleze, na haina kisafishio ambacho injini inahitaji. Nunua oili ya pikipiki ya uzito wa 20W-50, yenye maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa, yaani kiwango cha oili ambayo haitelezeshi klachi. Wala usizidishe. Oili ikipita alama ya juu huchapwa ikawa povu, na povu halilainishi beringi. Nyingine hutoka kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye chujio la hewa.

Sasa mlio. Ukiwa frii umeachia klachi, shafti ya kwanza ya giaboksi inazunguka. Ukibana klachi inasimama. Mlio unaokufa hapo uko kwenye beringi za shafti hiyo, au kwenye nyumba ya klachi (kikombe kinachobeba sahani zake) iliyolegea. Sikiliza aina yake. Nyumba ya klachi hugongagonga injini ikiwa taratibu na hupungua ukivuta mafuta kidogo. Beringi hunguruma, na sauti hupanda pamoja na injini. Kwa maelezo yako tunashuku beringi, lakini fungua kwanza kifuniko cha kulia, ushike nyumba ya klachi uitikise na kukagua springi na ripiti zake. Kazi hiyo hufanyika injini ikiwa kwenye fremu.

Kabla ya hapo, mwaga oili ikiwa ya moto uichuje kwa kitambaa cheupe na kupitisha sumaku. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyovihisi kwa vidole, hapo ndipo injini inashuka, kwani shafti za gia zimefungiwa katikati ya kreki kesi (kasha la injini) na hakuna njia nyingine ya kuzifikia. Ikishapasuliwa, badilisha beringi zote za giaboksi na sili zake. Namba imechongwa kwenye ukingo wa beringi, nenda nayo dukani. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi baada ya kuvuka mafuriko.

Mlio ungekuwa kwenye gia moja tu, tungesema meno ya gia hiyo. Ungeendelea ukizima injini na kuteremka frii, basi ungekuwa kwenye mnyororo, sproketi au beringi za tairi la nyuma, sehemu ambazo wengi huzisingizia giaboksi.

SWALI: Nina Yamaha AG100. Nachanganya oili na petroli. Je, giaboksi inapata hiyo hiyo?

JIBU: Hapana. Oili inayochanganyika na petroli huungua na kutoka na moshi. AG100 ni ya tu-stroki, injini inayochoma oili pamoja na petroli, si kama Boxer. Giaboksi yake, kama ya Yamaha DT na Vespa za zamani, ina oili yake yenye tundu lake la kujazia, na ikikauka taa yoyote haitakuambia. Vespa PX huchukua mililita 250 za SAE 30: simamisha wima, jaza hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu, funga. Na oili ya giaboksi ikiwa inapungua bila kuvuja nje, huku sailensa ikitoa moshi mweupe mzito, sili ya kreki (shafti kuu ya injini) upande wa klachi imechoka na injini inainyonya. Ibadilishe kabla gia hazijaanza kulia.